Kibarua Asiye na wa Kumuulizia

Machi 1878, mbunge wa jimbo la Vancouver, Arthur Bunster, alisimama katika Bunge la Kanada mjini Ottawa akitaka kila mkataba wa ujenzi wa reli ya Pasifiki uwekewe sharti moja: mwanamume mwenye nywele zinazozidi urefu wa inchi tano na nusu asiajiriwe. Hakutaja taifa wala rangi ya mtu. Hakuwa na haja. Kila aliyekuwa ukumbini alijua ni wanaume gani wa pwani ile ya magharibi walioacha nywele zikarefuka na kuzisuka mkia mmoja mgongoni. Walikuwa Wachina, na wapiga kura wa Bunster walilalamika kwamba Wachina wanashusha ujira.

Waziri Mkuu Alexander Mackenzie aliipinga hoja hiyo, nayo haikupita. Mackenzie alikuwa fundi mwashi kutoka Uskoti, mtu aliyeingia Kanada na patasi na nyundo yake, kisha akafika kileleni na bado akajikabidhi Wizara ya Ujenzi aiendeshe mwenyewe. Napenda kumfikiria mtu aliyewahi kulipwa kwa siku akiongoza wizara inayolipa kwa siku. Ila kilichonifanya niirudie hoja ya nywele mara kwa mara ni kwamba ndani yake ilikuwa hoja ya mshahara. Mtu alitaka kuzungumza juu ya malipo ya vibarua akaishia kuwapima vichwa, na waliopimwa hawakuwa na mbunge hata mmoja ambaye wangeweza kumnyima kura.

Anayefungua kumbukumbu za bunge lile, tangu muungano wa makoloni ulioizaa Kanada mwaka 1867 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hukuta mambo matatu yakirudi kikao baada ya kikao: reli, kandarasi na ujira. Wachambuzi wengi huyasoma maswali yale kama ushahidi wa bunge changa lililojifunza kuibana serikali. Nakubaliana nao nusu. Maswali yale yaliangusha mawaziri, mara moja yakaangusha serikali nzima, na mwishowe yakazaa kanuni ya ujira katika kandarasi za umma. Lakini yaliona tu pale daftari la wapiga kura lilipoishia. Ng'ambo ya hapo kulikuwa na maelfu ya watu wakipasua miamba, na sauti zao hazikufika.

Kwanza tuelewe swali lilikuwa nini katika ukumbi ule. Sisi tuliozoea swali la msingi na swali la nyongeza tungeona utaratibu wao ni mkavu. Mbunge alitoa taarifa siku mbili kabla, swali likachapishwa, na kanuni zilimkataza kutia hoja au maoni yake ndani ya swali. Waziri naye alipaswa kujibu bila kugeuza jibu kuwa hotuba. Ilikuwa rahisi sana kwa waziri kusema "jambo hilo linaangaliwa" na kukaa.

Kwa hiyo wabunge wenye bidii walitumia njia nyingine iliyokaa jirani na swali: hoja ya kuitaka serikali iwasilishe mezani nakala za barua, zabuni zote zilizopokelewa, mikataba, na majedwali ya watu waliolipwa na kiasi walicholipwa. Waziri anaweza kukwepa swali kwa sentensi moja. Jedwali la malipo halikwepeki kirahisi, kwa sababu lina majina, tarehe na tarakimu, na yupo mtu mahali fulani anayejua kwamba jina fulani ni la marehemu. Mambo mawili yaliipa nguvu njia hiyo. Mwaka 1875 Baraza la Wawakilishi lilianza kuwa na hansadi rasmi, hivyo neno la waziri likawa halifutiki. Na mwaka 1878 ikapitishwa sheria ya kuwa na Mkaguzi Mkuu asiyekuwa chini ya waziri. Wa kwanza, John Lorn McDougall, alichapisha malipo ya serikali moja moja, kuanzia kamba za viatu hadi kandarasi za madaraja, katika vitabu vinene kupita kiasi. Mbunge wa upinzani aliyekuwa na subira ya kusoma usiku alikuwa na silaha.

Kwa nini reli ndiyo ilikuwa kitovu? Kwa sababu nchi yenyewe iliandikwa kwa reli. Kifungu cha 145 cha sheria ya muungano ya 1867 kiliilazimisha serikali mpya ianze ndani ya miezi sita kujenga njia ya kuunganisha mto St. Lawrence na Halifax. British Columbia ilipojiunga mwaka 1871 iliahidiwa reli ianze kujengwa ndani ya miaka 2 na ikamilike ndani ya miaka 10. Hata kabla ya muungano, mwanasiasa Allan MacNab, aliyepata kuwa waziri mkuu wa Kanada ya wakati ule, alitamka wazi kwamba siasa zake zote ni reli. George-Étienne Cartier alikuwa waziri na papo hapo mwanasheria wa kampuni ya reli ya Grand Trunk. Mipaka kati ya kiti cha uwaziri na kiti cha bodi ilikuwa imefifia kiasi kwamba watu waliivuka mchana kweupe.

Tarehe 2 Aprili 1873 mbunge Lucius Huntington aliivuka kwa upande wa pili. Alisimama akasema kwamba tajiri wa meli Hugh Allan, aliyekuwa akiwania kandarasi ya reli ya Pasifiki, aliwapa mawaziri fedha za uchaguzi wa 1872, akataka iundwe kamati ya kuchunguza. Waziri Mkuu John A. Macdonald hakujibu neno. Kura zikapigwa, na hoja ikaanguka kwa kura 107 dhidi ya 76.

Aliyekuwa ukumbini siku ile angeweza kusema Huntington ameshindwa. Lakini jambo likishatamkwa bungeni huwa na miguu. Ikabidi serikali iunde kamati, kisha tume, na katikati magazeti yakachapa barua na simu za maandishi. Iliyowauma watu zaidi ni ile Macdonald aliyompelekea mwanasheria wa Allan mwezi Agosti 1872, akiomba 10,000 nyingine, akisema ndiyo mara ya mwisho ya kuita, asimwangushe, na amjibu siku hiyo hiyo. Novemba 1873 Macdonald akajiuzulu. Katika lugha ya siasa zetu ingesemwa ni takrima. Pale iliitwa Kashfa ya Pasifiki, na mwaka uliofuata Kanada ikaweka kura ya siri katika uchaguzi wa kitaifa.

Huo ndio ushindi mkubwa unaosimuliwa daima. Mimi nauangalia nikiuliza: katika maneno yote yaliyosemwa mwaka ule, ni mangapi yalimhusu mtu ambaye angebeba taruma begani? Fedha zilizozua hasira zilikuwa za wakubwa wakipeana. Ujira wa mchimbaji haukuwa sehemu ya kashfa.

Na ujira wenyewe uliingia katika siasa za Kanada kwa mlango mchungu. Mwaka 1843, karibu na Montreal, Waayalandi waliokimbia umaskini kwao walikuwa wakichimba mifereji ya Lachine na Beauharnois chini ya wakandarasi. Sehemu ya malipo walipewa kwa bidhaa za duka la mkandarasi, kwa bei aliyoipanga yeye. Walidai shilingi 3 kwa siku. Mwezi Juni, huko Beauharnois, askari waliwafyatulia risasi na watu kadhaa wakafa. Miaka miwili baadaye bunge la wakati ule lilipitisha sheria ya kulinda amani kwenye maeneo ya kazi za umma: silaha zisajiliwe au zikamatwe pale kazi inapoendelea, na serikali iruhusiwe kuweka polisi wa farasi. Wabunge walipoulizana juu ya mifereji, waliulizana juu ya fujo. Duka la mkandarasi liliendelea kuuza unga.

Macdonald alirudi madarakani 1878. Februari 1881 bunge liliidhinisha mkataba na kampuni ya Canadian Pacific: dola milioni 25 taslimu, ekari milioni 25 za ardhi, misamaha ya kodi, na ulinzi wa miaka 20 dhidi ya reli pinzani za kuelekea kusini. Upinzani chini ya Edward Blake uliupiga mkataba ule wiki kwa wiki. Walihoji ekari, wakahoji kodi, wakahoji ukiritimba, nao walikuwa na haki ya kuhoji. Ardhi waliyokuwa wakiigawana kwa tarakimu zile ilikuwa na wenyewe, mataifa ya asili ya mbuga, na hao nao hawakuwa na kiti.

Upande wa British Columbia kazi ilikuwa kwenye korongo la mto Fraser, chini ya mkandarasi Andrew Onderdonk. Huko mwamba ulipasuliwa kwa baruti na nitrogliserini, handaki baada ya handaki. Onderdonk alileta Wachina kwa maelfu. Kati ya 1881 na 1884 walioingia wanakadiriwa kufika 15,000 au zaidi. Walilipwa dola 1 kwa siku, na humo humo wajinunulie chakula na vifaa, wakati wazungu walipata kati ya dola 1.50 na 2.50. Waliokufa kwa milipuko, maporomoko, baridi na kiseyeye wanakadiriwa kuwa si chini ya 600.

Mwaka 1882 suala lao likafika bungeni, na Macdonald akajibu kwa namna iliyo nadra kwa mwanasiasa, yaani kwa ukweli mtupu: ama mkubali nguvukazi hii, ama msipate reli. Jibu hilo huwa nalisoma polepole. Waziri Mkuu hakusema ujira wa dola 1 ni wa haki, wala hakusema si wa haki. Aliwaambia wabunge kwamba bei ya reli waliyoipigia kura ilihesabiwa kwa mgongo wa mtu wa aina hiyo. Na hakuna aliyesimama kuuliza swali ambalo lingefuata kwa mtu yeyote mwenye utu: basi, kama hawa ndio wanaotujengea nchi, kwa nini walipwe nusu?

Badala yake serikali iliunda tume ya kifalme mwaka 1884, chini ya Chapleau na Gray, ichunguze uhamiaji wa Wachina. Tume ilihoji mashahidi 51. Wachina walikuwa wawili, maofisa wa ubalozi mdogo. Hakuna kibarua wa korongo la Fraser aliyeulizwa analipwa kiasi gani, anakatwa nini, na ni wenzake wangapi amewazika. Tume ilifungua daftari, ikaandika mamia ya kurasa juu ya watu wale, na watu wenyewe hawamo.

Kisha ukaja mwaka 1885, na hapa naomba msomaji avumilie nikae kidogo, kwa sababu mwaka huo mmoja unabeba karibu yote ninayotaka kusema.

Mwezi Aprili, kwenye kambi ya Beaver River milimani, vibarua wa Canadian Pacific walikuwa hawajalipwa kwa miezi. Kampuni ilikuwa imekauka fedha na ilikuwa Ottawa ikiomba mkopo mwingine wa serikali. Vibarua walipoweka zana chini, meneja wa ujenzi James Ross aliwategemea polisi. Ofisa wao, Sam Steele, aliinuka kitandani akiwa na homa, akasimama kwenye daraja na askari wachache, akawaambia atakayevuka atapigwa risasi, na sheria ya ghasia, ile ya kuamuru umati utawanyike, ikasomwa mbele yao. Mgomo ukavunjika. Miezi michache baadaye bunge likaidhinisha mkopo. Wenye kampuni waliodai waliombewa kura ndani ya ukumbi. Wenye jasho waliodai walisomewa sheria kwenye daraja.

Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya haki ya kupiga kura. Kila sheria ina kifungu cha tafsiri ya maneno, kile ambacho wasomaji wengi hukiruka. Kifungu cha sheria ile kilieleza maana ya neno "mtu". Mtu, ilisema, ni mwanamume, wakiwemo wenyeji wa asili, isipokuwa mtu wa kabila la Kimongolia au Kichina. Sijui kama kuna sentensi katika sheria za nchi ile inayonisumbua kuliko hiyo. Mwenyeji wa asili naye alihesabiwa kwa masharti tu, na wanawake wote waliachwa nje kwa neno moja. Lakini Mchina alitolewa ndani ya neno "mtu" lenyewe, miezi kabla ya msumari wa mwisho wa reli kugongwa Craigellachie tarehe 7 Novemba.

Na sheria ya tatu ya mwaka huo iliweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa Mchina anayeingia. Ikapanda hadi 100 mwaka 1900, na 500 mwaka 1903. Hadi ilipokoma mwaka 1923, na nafasi yake kuchukuliwa na katazo karibu kamili, serikali ilikuwa imekusanya takriban dola milioni 23. Ziweke pembeni ya zile dola milioni 25 walizopewa Canadian Pacific taslimu. Watoto, ndugu na wenzao waliowafuata wale waliolaza reli kwa nusu ujira walitozwa mlangoni kiasi kinachokaribia ruzuku hiyo ya fedha taslimu. Huo ni ulinganifu ambao swali moja bungeni, likiomba jedwali moja la makusanyo, lingeuweka hadharani mwaka wowote. Kodi ilipojadiliwa, mabishano makubwa yalikuwa kama inatosha kuwazuia.

Nimewahi kusikia utetezi kwamba wabunge wa zama zile hawakuwa na zana za kuona udhalimu wa malipo. Si kweli. Walikuwa nazo, na walizitumia vizuri mno pale maslahi yalipokuwa ya walipa kodi. Mei 1891 mbunge Israël Tarte aliweka bungeni tuhuma kwamba mbunge mwenzake Thomas McGreevy alikuwa akiipenyezea kampuni ya Larkin, Connolly siri za zabuni za bandari ya Quebec na kazi nyingine, na kwamba njia ilipita kwa Waziri wa Ujenzi, Hector Langevin. Robert, ndugu yake McGreevy, alikuwa ametoa makaratasi. Kamati ya Haki na Chaguzi, chini ya uenyekiti wa Désiré Girouard, ilikaa kiangazi kizima ikipitia hundi na barua. Langevin akaacha uwaziri, McGreevy akafukuzwa bungeni, na baadaye akaenda jela.

Miaka miwili tu baada ya hapo ikafuata kashfa ya madaraja ya mfereji wa Lachine, maarufu kama Daraja la Curran. Hii kwangu ni muhimu kuliko ile ya Langevin, ingawa haina jina kubwa, kwa sababu wizi wake ulifanyika ndani ya orodha ya malipo ya vibarua. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kuleta watu aliitoza serikali kwa saa, kwa kiwango cha juu kuliko alichowalipa wao. Majina yaliongezwa, saa zikaongezwa, na madaraja yakagharimu zaidi ya mara mbili ya makadirio. Uchunguzi ulipofika kwake, vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kuchomwa moto. Wabunge walilia, na haki yao, juu ya hela ya umma. Tofauti kati ya alichotozwa mlipa kodi na alichopewa mtu wa sururu iliitwa hasara ya serikali. Hata hivyo hapo ndipo mambo mawili yalipogusana kwa mara ya kwanza waziwazi: orodha ya uongo ya vibarua huiba pande mbili, kwa anayelipa na kwa anayelipwa.

Mguso huo ulizaa matunda taratibu. Mwaka 1897 Canadian Pacific ilipata ruzuku nyingine, ya kupitisha reli Crow's Nest Pass, na habari zikaanza kutoka kwenye makambi: watu walioajiriwa mashariki ya nchi kwa ahadi nzuri walikatwa nauli, chakula, mablanketi na ada ya daktari, hata wengine wakajikuta wana deni baada ya kazi. Safari hii tume ilitumwa, na ripoti yake ya 1898 iliandika makato yale moja moja. Waliokatwa walikuwa wapiga kura, au jamaa za wapiga kura, wa Ontario na Quebec. Walikuwa na wa kuwaulizia.

Wakati huo huo kijana mmoja mwandishi wa habari, Mackenzie King, aligundua kwamba sare za watumishi wa posta, zilizolipiwa na serikali, zilishonwa majumbani na wanawake waliopewa senti za kuhesabika. Alimpelekea habari William Mulock, Waziri wa Posta. Tarehe 17 Julai 1900 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la ujira wa haki: mikataba yote ya serikali iwe na masharti ya kuzuia dhuluma za kandarasi ndogo ndogo, na mfanyakazi alipwe ujira unaokubalika katika fani yake kwenye wilaya kazi inakofanyika. Azimio lilijumuisha hata kazi zinazosaidiwa tu kwa ruzuku ya serikali, na hivyo reli zikaingia. Mwaka huo huo ikaundwa Wizara ya Kazi, na ofisa wa kwanza wa ujira wa haki akawa Daniel O'Donoghue, mpiga chapa aliyewahi kuwa mbunge wa wafanyakazi katika bunge la Ontario mwaka 1874. Naye Arthur Puttee, mpiga chapa mwingine, alikuwa ameingia Ottawa mwaka huo kwa tiketi ya wafanyakazi wa Winnipeg. Watu waliokuwa wakiulizwa habari zao walianza kuuliza wenyewe, na lugha ya maswali ikabadilika.

Azimio lile lilikuwa na kasoro ambayo mimi nisingeipamba. "Ujira unaokubalika wilayani" humlinda fundi pale ambapo wenzake wamekwisha kuupigania. Penye ujira duni uliozoeleka, azimio huuidhinisha uduni. Pia halikugusa saa za kazi. Alphonse Verville, fundi bomba na mbunge wa Maisonneuve tangu 1906, alipeleka muswada wa saa nane kwenye kazi za umma. Ukajadiliwa katika kamati teule chini ya King mwenyewe, aliyekuwa sasa waziri, na haukuwa sheria. Saa nane kwenye kandarasi za serikali kuu zilisubiri hadi 1930.

Kuna uzi mmoja unaotoka Ottawa hadi Nairobi, na ningekuwa ninaficha jambo nisipouvuta. Désiré Girouard, yule mwenyekiti wa kamati ya 1891, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Percy, aliyezaliwa Montreal mwaka 1867. Percy Girouard alifanya kazi Canadian Pacific akiwa kijana, akawa mhandisi wa jeshi la Uingereza, akajenga reli ya jangwani ya Sudan, na mwaka 1909 akawa Gavana wa himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya leo. Alikuta reli ya Uganda imekwisha kujengwa kwa mikono ya Wahindi karibu 32,000, ambao karibu 2,500 walikufa. Fedha zake zilipigiwa kura London, na maswali juu yake yaliulizwa London.

Nairobi kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria tangu 1907. Halikuwa na Mwafrika. Girouard alipoamua Wamasai wahamishwe kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911, hapakuwa na Mmasai wa kusimama na kuomba barua za Gavana ziwekwe mezani. Barua hizo ndizo zilizomwondoa, maana wakubwa wake London waligundua hakuwaeleza yote kuhusu ahadi za ardhi alizowapa walowezi, akajiuzulu 1912. Wamasai walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa mkataba wao hauwezi kuhojiwa na mahakama. Baba yake alikuwa amekaa kiangazi kizima cha 1891 akidai hundi za wakandarasi zionekane. Mwana alitawala nchi ambayo mtawaliwa hakuwa na kanuni hata moja ya kudai karatasi. Mwafrika wa kwanza katika baraza lile, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944.

Sheria ya kuwazuia Wachina Kanada ilifutwa 1947. Juni 2006 serikali iliomba radhi bungeni kwa kodi ya kichwa, na waliokuwa wameilipa wenyewe walikuwa wamebaki wachache sana, wazee. Lakini kati ya tarehe hizo mbili kuna moja ninayoirudia kila nikifikiria ile hoja ya inchi tano na nusu. Mwaka 1957, miaka 79 baada ya Bunster, wapiga kura wa Vancouver Centre walimpeleka Ottawa Douglas Jung, mzaliwa wa British Columbia, mtoto wa wahamiaji kutoka China. Alikula kiapo, akaketi, na kuanzia siku hiyo aliweza kutoa taarifa ya swali.